Nani Anapika Nyumbani Kwako?

Mwezi huu napenda kuzungumzia jambo ambalo aghalabu halipati nafasi katika kurasa hizi, nalo ni sufuria la nyumbani. Najua wapo ambao huzifungua kurasa hizi wakitafuta mas'ala ya itikadi au habari za umma. Wakikuta maharage na dagaa watadhani mwandishi amekosea jarida. Nawaomba wavumilie hadi mwisho.

Yeyote anayetoka msikitini baada ya Swala ya Alfajiri akapita kituo cha daladala cha Gongo la Mboto atajionea mwenyewe hali yetu. Akina mama wamesimama gizani wakigombea magari ya Kariakoo na Mnazi Mmoja. Huyu ana meza ya nguo, yule ni karani, mwingine anafanya kazi katika kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee bado wanaiita Barabara ya Pugu. Wengi wao wametokea mbali zaidi, Majohe au Chanika, na wameamka saa 10 usiku. Watoto wao wamelala. Wakirejea, Isha imekwisha kuswaliwa na watoto wamelala tena. Baina ya usingizi huu na ule, mtoto wa miaka miwili au minne amelishwa na nani, na amelishwa nini?

Jawabu tunalijua sote ila hatulisemi. Asubuhi ni chai ya rangi na andazi la jirani. Mchana ni wali uliobaki, au ugali na mchuzi ambao mtoto huchovya na kuacha. Jioni huanza kulia, naye aliye karibu humtia shilingi mia tano mkononi aende kwenye kibanda cha chipsi au kwa muuza barafu. Baba akirudi kutoka Maghrib humkuta ameshiba, wala haulizi ameshiba kitu gani. Na msinijibu kwamba huu ni umasikini tu. Umasikini upo na hatuukanushi, lakini kilo moja ya choroko hulisha watoto milo mingi kuliko pesa tunazoziacha kwenye vibanda kwa juma zima. Kilichokosekana katika nyumba nyingi ninazozijua ni mtu mwenye saa moja na nusu ya kusimama jikoni, na ni hapo ndipo mazungumzo yetu wanaume yanapotakiwa kuanza.

Nitatoa ushahidi dhidi ya nafsi yangu kabla ya kumtaja mtu mwingine. Nina watoto watatu, mkubwa ana miaka saba na mdogo hajafikisha miaka miwili. Mama yao anafanya kazi dukani Kariakoo. Mimi nasomesha madrasa asubuhi hadi kabla ya Adhuhuri, kisha narudi darasani baada ya Alasiri. Kwa hesabu hiyo, kila siku nipo nyumbani saa tatu nzima mchana, nikisoma, nikiandaa darsa, au, niseme kweli, nikilala. Mwaka juzi mtoto wetu wa kati alianza kuwa mvivu wa kucheza, akapauka viganja, akawa anakula udongo wa ukutani. Tulimpeleka zahanati, akapimwa, akaonekana ana upungufu wa damu. Muuguzi akauliza, mtoto huyu anakula nini kwa siku? Nikageuka kumtazama mama yake. Yule muuguzi akasema kwa upole, "Baba, nimekuuliza wewe."

Sikuwa na jawabu. Nilikuwa nimetoka kumaliza mfululizo wa darsa kuhusu haki za mtoto katika Uislamu, darsa kumi na moja, na baadhi yenu mlihudhuria. Nikiulizwa dalili za kumchagulia mtoto jina zuri nilikuwa nazitaja bila kufungua kitabu, lakini chakula alichokula mwanangu jana yake sikukijua.

Siku ile nilianza kusoma mambo ambayo sikuyasoma chuoni. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania wenye umri wa kuanzia miezi 6 hadi chini ya miaka mitano, 58 walikuwa na upungufu wa damu. Utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Hiyo ni nafuu ukilinganisha na asilimia 42 ya mwaka 2010, lakini bado ni takriban mtoto mmoja katika kila watatu. Malaria na minyoo vina sehemu yao katika upungufu wa damu, na chakula kina sehemu yake. Hata hii chai yetu tunayoiona haina neno ina jambo lake. Majani ya chai yanapoingia tumboni pamoja na chakula huuzuia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharage. Kwa maana hiyo, mtoto anayepewa maharage na kikombe cha chai ya rangi pembeni amepewa kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mwingine. Chungwa au kamuo la limau hufanya kinyume chake, humsaidia kuyanyonya. Hakuna dawa ya kununua hapo, ni kubadilisha tu kinywaji.

Sasa niwaambie jambo la aibu zaidi. Mimi najua kupika. Nilipokuwa nikisoma Khartoum, miaka mingi kabla ya vita vilivyoanza Aprili 2023, tulikaa wanafunzi wanane chumba kimoja, wote wanaume, na ukutani palikuwa na zamu ya jikoni. Nilijifunza kuchemsha ful usiku kucha kwa moto mdogo, kuiponda kwa kitako cha chupa ya soda kama wafanyavyo wenyeji, kuitia mafuta ya ufuta na kitunguu. Wali wangu ulisifiwa na Wakenya, na anayewajua atafahamu ugumu wa sifa hiyo. Nikarudi nyumbani, nikaoa, na ujuzi ule ukatoweka kana kwamba afisa wa forodha aliutaifisha uwanja wa ndege. Miaka minane sikugusa mwiko. Wala si mimi peke yangu. Ndugu zetu waliosoma Madina na Cairo, waliokaa bweni Morogoro, na vijana waliopanga vyumba Ulongoni kabla ya ndoa, wote walipika. Tulipoacha, tuliacha kwa sababu amepatikana mtu wa kutupikia.

Hapa wenzangu wa elimu watataka tuzungumze kielimu, na tuzungumze. Khitilafu ya wanazuoni juu ya mke kuitumikia nyumba inajulikana. Jamhuri ya maulamaa, wakiwemo wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi na ya Imamu Ahmad, wamesema mkataba wa ndoa haumwajibishi mke kupika wala kusaga, na akifanya ni kwa hisani na tabia njema. Sheikhul Islam Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim waliona kwamba ni wajibu wake kwa kadiri ya desturi njema ya watu wa mfano wake. Wakatoa hoja kwa Bibi Fatima (r.a.), ambaye mikono yake iliumizwa na jiwe la kusagia, na alipomwendea baba yake kuomba mtumishi alifundishwa adhkari za kabla ya kulala. Sisi wa harakati hii tumezoea kuifuata kauli ya pili, na sina nia ya kuwatoa humo. Ninachouliza ni hiki: desturi iliyokusudiwa ni ipi? Ibn al-Qayyim hakuwa akimzungumzia mwanamke aliyeamka saa 10 usiku, akasimama ndani ya daladala hadi Kariakoo, akauza duka mpaka jioni, na sehemu ya mshahara wake ikalipa kodi ya nyumba na ada ya shule. Kuichukua fatwa ya mwanamke wa nyumbani ukambebesha mwanamke wa dukani, kisha mshahara wake ukaupokea, si insafu.

Na tuyasome masimulizi kwa ukamilifu wake. Bibi Asmaa binti Abu Bakr (r.a.) alimsimulia mumewe Zubair (r.a.) na namna alivyomlisha farasi wake, akateka maji, akakanda unga, akabeba kokwa za tende kichwani kwa mwendo mrefu. Wazungumzaji wetu huishia hapo. Lakini ndani ya simulizi ile ile amesema kwamba hakuwa hodari wa kuoka mkate, na majirani zake, wanawake wa Kiansari, ndio waliomwokea. Na baba yake alipompelekea mtumishi wa kumtunza farasi, aliona kana kwamba ameachwa huru. Mke wa sahaba mkubwa, binti wa Abu Bakr, hakujua kuoka mkate, na jambo hilo likapokewa na kuandikwa bila ya mtu kumcheka. Ama Mtume (s.a.w.), Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, akajibu kwamba alikuwa katika kazi za ahli zake, na swala ikifika hutoka. Kupika hakukutajwa kwa jina, nami siongezi neno lisilokuwepo. Kushona nguo, kuziba kiatu na kukama mbuzi kumetajwa katika riwaya. Basi anayeona kukama mbuzi ni sunna na kuosha mchicha ni fedheha, dalili yake ni ipi?

Mzee wangu mmoja wa msikitini aliniambia, "Ustadhi, dawa yake ni wanawake wabaki nyumbani, yaishe." Namheshimu, ni mkubwa kwangu, na huenda kwake yeye iliwezekana. Nilimwomba ahesabu pamoja nami wanaume wa safu mbili za mbele ambao kipato chao peke yake kinatosha kodi, nauli, ada na chakula. Tulipofika mtu wa tano alinyamaza, kisha akabadilisha mazungumzo.

Wengine wanasema wana dada wa kazi. Hili linanichoma zaidi ya yote. Dada huyo mara nyingi ni msichana mdogo aliyeletwa kutoka kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa cherehani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14, lakini majumbani nani anakagua? Tunamwachia mtoto, jiko la mkaa, sufuria la maji ya moto na ufunguo wa mlango, naye mwenyewe hajamaliza kukua. Na anapompa mwanao chipsi siku tatu mfululizo tunasema ni mvivu. Nimesomesha madrasa miaka kumi, na nakiri kwamba wasichana wa namna hii sikuwaona darasani kwangu zaidi ya wawili. Tulikuwa tunawahimiza watu walete watoto wao, hatukuwaambia wamlete na yule anayewapikia.

Basi nini kinafanyika nyumbani kwangu sasa? Sikudai ufundi, na mama watoto bado ananishinda kwa pilau, lakini tumegawana. Ijumaa usiku naloweka maharage, Jumamosi asubuhi namwaga maji yake na kuyachemsha mengi kwa pamoja. Yaliyolowekwa usiku huiva kwa moto mchache sana kuliko makavu, na maharage mekundu lazima yatokote sawasawa, maana yakiwa hayajaiva hudhuru tumbo. Hapa nilifanya kosa la mwanzoni ambalo nawatahadharisha nalo. Niliyaunga yote kwa nazi siku ile ile, na kwa joto la Dar es Salaam kesho yake yalikuwa yamechacha, sufuria zima. Mama watoto hakusema kitu, alilifunika tu. Siku hizi nayaacha makavu bila nazi wala nyanya, nayagawa kwenye vyombo vya jokofu, na kila siku naunga ya siku hiyo. Asiye na jokofu achemshe ya siku moja, au atumie choroko na kunde, ambazo haziringi, huiva upesi.

Dagaa nao ni hazina tuliyoidharau kwa sababu ya mchanga na macho yao. Watoe vichwa, waoshe kwa maji ya moto mara mbili au tatu, waanike, wakaange bila mafuta, kisha twanga au saga mpaka wawe unga. Kijiko kimoja ndani ya mchuzi au uji, mtoto hajui kilichopita. Mchicha na matembele huiva kabla hujamaliza kusoma kurasa mbili za mas-hafu. Usivichemshe mpaka vikageuka rangi. Kisamvu nakiacha kwa wenye muda na kinu. Mara moja kwa juma tunapata maini au vibua. Unga ni dona, na watoto walinuna siku nne, ya tano wakala.

Neno juu ya uji wa lishe, kwa sababu akina mama wengi wanaamini kwamba kadiri mchanganyiko unavyokuwa na nafaka nyingi ndivyo unavyokuwa bora. Mahindi, mtama, ulezi, ngano, mchele, soya, karanga, vyote gunia moja, mtoto anapewa asubuhi, mchana na jioni, na nyumba imetulia. Uji huo ni mzito kwa tumbo changa, na nafaka juu ya nafaka bado ni nafaka. Hatari kubwa zaidi imo katika karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, ambayo huota ukungu wenye sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2016 sumu hiyo iliwaua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na moto wa jikoni hauiondoi. Karanga iliyosinyaa, yenye rangi ya kijani au chungu mdomoni, itupe, hata kama umeinunua kwa pesa yako ya mwisho. Sisi tunasaga ulezi peke yake au mahindi peke yake, kidogo kidogo, kisha ndani ya bakuli tunaongeza unga wa dagaa, maziwa au karanga tulizozichambua wenyewe.

Kuhusu moto, serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa miaka kumi unaokusudia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kwetu tuna mtungi mdogo wa gesi kwa uji na mboga, na jiko la mkaa kwa maharage, nje barazani. Nasisitiza nje. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua waliolala, nao hawasikii harufu ya kuwaamsha.

Limebaki suala la sinia. Sisi tunapenda kula pamoja, na ni sunna yenye baraka. Lakini nimegundua kwa macho yangu kwamba katika sinia moja mtoto wa miaka saba humaliza nyama yote wakati wa miaka miwili bado anahangaika na tonge la kwanza. Kwa hiyo tunakaa pamoja, na mdogo ana kisahani chake ndani ya duara letu, nikijua amekula kiasi gani. Tukumbuke namna Umar bin Abi Salama (r.a.), kijana mdogo aliyelelewa katika nyumba ya Mtume (s.a.w.), alivyofundishwa kutaja jina la Allah, kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho mbele yake. Mkono wake ulikuwa ukizunguka sahanini, na Mtume alikuwepo pale pale, chakula kimoja naye, akauona. Hadithi hiyo nimeihifadhisha kwa mamia ya wanafunzi, huku watoto wangu wakila na dada wa kazi mbele ya televisheni.

Yule wa kati alipimwa tena baada ya miezi minne, pamoja na dawa za minyoo na za kuongeza damu alizopewa, na damu yake imepanda. Udongo wa ukutani ameuacha. Mama yao bado anarudi usiku, ila sasa anakuta sahani yake imefunikwa kwa kawa, na siku mbili kwa juma huniambia chumvi imezidi.

Jana mchana nilikuwa nachambua choroko, mkubwa wao ameketi karibu nami. Akaniuliza kama wanafunzi wa madrasa wanajua kwamba mwalimu wao anapika. Nikamwambia bado, watasoma mwezi huu.